Bafu la gari lisiunguze watu

Mhariri,

Wengi wanaofunga bafu la kambini linalopashwa na injini hujaribu kupunguza joto kwa kupunguza mtiririko wa maji. Ni kinyume: maji ya rejeta hufika nyuzi 90 hivi, na ya kuoga yakipita polepole kwenye kibadilisha joto (kifaa ambamo maji ya kuoga hupashwa na ya rejeta bila kuchanganyika) hutoka moto zaidi.

Fungeni valvu ya kuchanganya yenye thamostati, inayochanganya yenyewe maji moto na baridi kufikia joto lililowekwa; iwekwe nyuzi 38 hadi 40. Upande wa baridi ulishwe na pampu ileile, la sivyo presha hupishana na joto huyumba. Chujio likae kabla ya pampu, maana mchanga hukwamisha valvu.

Ukifunga maji ili ujipake sabuni, yaliyobaki ndani huendelea kupata moto; ukifungua tena, yamwage chini kwanza.

Msomaji, fundi wa magari