Mkristo na kopo lake la kupimia: ombi kwa makanisa ya Goma

Bwana Mhariri,

Tangu Floribert Bwana Chui atangazwe mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, jina lake limesikika katika mimbari nyingi za mji wetu, na ni haki lisikike. Alizaliwa hapa Goma mwaka 1981, akasoma sheria hapa hapa, akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Julai 2007 aliuawa kwa kuwa alikataa hongo ya kuruhusu chakula kilichoharibika kiingie na kuliwa na watu. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kinshasa Februari 2023.

Kinachotusumbua ni namna tunavyomhubiri. Tunamweka juu, karibu na mishumaa, kana kwamba aliyoyafanya ni ya mashujaa peke yao. Kumbe ilikuwa kazi yake ya kila siku: kuangalia shehena, kusema chakula hiki hakifai, kukataa kuweka sahihi. Muumini anayeuza katika soko la Virunga, Birere au Kituku naye anafungua gunia kila asubuhi, na hakuna aliyemfundisha amwangalie vipi mnunuzi huku kopo likiwa mkononi. Tunaomba makanisa yafundishe kipimo cha haki kwa vitendo, kwa kopo na kwa mizani, kwa bidii ile ile wanayofundishia kusali na kutoa sadaka. Sisi tunauza nafaka, kwa hiyo tutasema ya nafaka.

Tuanze na kopo lenyewe. Maharage, mchele, karanga na unga wa muhogo hupimwa kwa kopo la Guigoz, yaani kopo la bati la maziwa ya unga ya watoto. Likiwa jipya, kitako chake ni bapa. Likigongwa kwa nyundo upande wa chini, kitako kinapanda ndani, lakini mdomo unabaki vile vile, na mama anayenunua anaona limejaa pomoni. Wengine hawagusi kitako: wanabana mbavu. Duara likibanwa likawa yai, ujazo unapungua ingawa bati ni lile lile, na jicho haling'amui upesi. Wapo wanaolaza kipande cha katoni chini kabisa, wapo wanaochota vidole vinne vikiwa ndani ya kopo, na wapo wanaofuta juu kwa kijiti kilichopinda kuelekea chini, ambacho kinalamba punje ambazo mteja amekwisha kuzilipia.

Kulipima kopo hakuhitaji fundi. Chukua kopo jipya ambalo halijagongwa, lijaze maji hadi mdomoni, kisha mimina yote katika kopo unalouzia. Maji yakimwagika kabla hujamaliza, kopo lako ni dogo, na kiasi kilichomwagika ndicho unachokichukua kwa kila mteja. Kopo la namna hiyo halirekebishwi vizuri kwa kugongwa upya, maana bati linabaki na mikunjo. Litoboe kitako ili mtoto asilirudishe sokoni, tafuta jingine.

Unga una hila yake hata kopo likiwa zima. Unga uliochotwa ukiwa mwepesi, umetoka tu kuchekechwa, una hewa nyingi. Ukitikisa kopo mara tatu unashuka, na nafasi inaonekana juu. Yesu aliyajua haya ya sokoni: katika Luka 6:38 anataja kipimo kilichojaa, kikashindiliwa, kikasukwasukwa hata kumwagika. Ni mikono ya muuzaji inayoelezwa pale, hatua kwa hatua, na kila hatua ni kwa faida ya anayepokea. Kwa unga, basi, ushauri wetu ni kuacha kopo kabisa na kuuza kwa kilo. Asiye na mizani ashindilie mbele ya mteja, kisha aongeze.

Lakini dhambi kubwa zaidi, kwa maoni yetu, haionekani mjini. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kwa nini mawili? Moja la kununulia, moja la kuuzia. Mkulima wa Masisi au Rutshuru anayeshusha maharage yake baada ya mavuno anapimiwa kwa kopo lenye kilima: mnunuzi anarundika mpaka punje zinaporomoka pembeni, naye anahesabu moja. Maharage hayo hayo yakifika Goma yanauzwa kwa kopo lililofutwa kwa kijiti. Kilima kile ndicho faida, na mkulima hakulipwa chochote kwa hicho. Mfanyabiashara atasema ni desturi ya soko, mkulima mwenyewe anaijua. Mkulima anaijua kwa sababu hana gari la kuleta mzigo mjini na ana ada ya shule ya kulipa wiki hiyo. Anayenunua kwa kilima auze kwa kilima. Anayeuza kwa kufuta anunue kwa kufuta. Methali 20:10, inayosema vipimo viwili tofauti ni chukizo kwa Bwana, haina maelezo mengine.

Mizani ya kilo nayo haiaminiki kwa sababu tu ina mshale na namba. Ile ya kuning'iniza ina springi, na springi iliyobebeshwa magunia miaka mingi inachoka. Ipime hivi: ning'iniza bidoni tupu ya lita 20 na usome inaposimama. Kisha ongeza maji lita tano, usome tena; tano nyingine, usome tena, mpaka ijae. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kila lita tano lazima zisogeze mshale kilo tano. Mizani inaweza kusema kweli kwenye kilo mbili au tatu na kudanganya kuanzia kumi, ndiyo maana kuipima kwa mzigo mdogo peke yake hakutoshi. Kwa kupimia maji tumia chupa ya maji ya kunywa ya lita moja au moja na nusu, ukijaza mpaka pale yalipokuwa ilipouzwa. Ukijaza hadi kizibo unazidisha.

Mizani ya sahani mbili inapimwa kwa kubadilishana. Weka jiwe la kilo kushoto na maharage kulia mpaka zilingane, kisha hamisha jiwe kulia na maharage kushoto. Zikiacha kulingana, mikono ya mizani si sawa, au kuna kitu kimebandikwa chini ya sahani. Ile ya betri inataka ubao ulionyooka chini yake, kwa kuwa ardhi yetu ya mawe ya volkano haijalala sawa. Betri ikidhoofu namba zinarukaruka. Na kabla ya kuweka mzigo, mteja aone sifuri. Muuzaji anayeigeuzia namba upande wake ajue kwamba ameshazungumza.

Kuna wizi mwingine ambao mizani nzuri kabisa haiuoni: maji. Maharage yanayonyunyiziwa usiku huongezeka uzito asubuhi, na mnunuzi analipia maji kwa bei ya maharage. Baada ya siku chache gunia linapata joto ndani na kuanza ukungu. Kwa mahindi na karanga hatari ni kubwa zaidi, maana ukungu wake unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini na isiyoondolewa kwa kupika. Hapa ndipo tunapomwona Floribert karibu kabisa. Yeye alizuia chakula kibovu kisiingie. Sisi tunaweza kukitengeneza wenyewe, ghalani, kwa ndoo moja ya maji.

Kipimo cha unyevu ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15 na haifai kufungiwa gunia. Ikianguka yote chini, unaweza kuhifadhi. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu jaribio halina maana. Ikaange kwanza kwenye sufuria, iache ipoe. Kwa kukausha, tandika shitingi (turubai la plastiki), usimwage mahindi juu ya udongo, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta kwa upana wa mkono.

Kuchanganya maharage ya zamani na mapya nako kumezoeleka mno. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi pamoja na mapya. Mama anachemsha, mapya yanapondeka, ya zamani bado mawe, na makala (makaa ya kupikia) yanaisha. Kwa familia inayonunua makala kwa kijifuko, muuzaji amechukua pesa mara mbili. Nabii Amosi, sura ya 8, baada ya kutaja efa, kipimo cha nafaka cha zamani, iliyopunguzwa na mizani ya udanganyifu, anamaliza kwa wale wanaouza takataka za ngano. Ya zamani yauzwe peke yake, kwa bei yake, na mteja aambiwe aloweke usiku kucha.

Tunajua jibu la wauzaji, kwa sababu tunalisikia kila siku: mwenye kopo kamili anaonekana ghali. Ni kweli. Jirani mwenye kopo lililogongwa anataja bei ya chini kidogo, mteja anamkimbilia, na mwaminifu anabaki na gunia lake. Kumwambia mtu huyo asali tu ni kumwacha peke yake. Kinachosaidia ni wauzaji wa mstari mmoja kukubaliana kopo moja, kulipima pamoja kwa maji, kulitia alama ya rangi kwenye mdomo na kitako, na kuandika bei ya kilo juu ya katoni. Bei ya kilo ikiwa wazi, kopo dogo linakosa pa kujificha. Kukubaliana kipimo lakini kusigeuke kukubaliana bei ya juu. Hilo lingekuwa kumwibia mteja kwa njia nyingine.

Mambo mawili mafupi. Pesa ndogo ya kurudisha ni mali ya mteja. Ukikosa noti za mafaranga mia, mwandikie karatasi au mwongezee nafaka ya thamani hiyo, usimwambie "baadaye" ukijua hatarudi kwa faranga mia. Na mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, aliyekubebea magunia alipwe kabla jua halijatua, kwa bei mliyopatana kabla ya kupakia. Walawi 19:13 inasema ujira usilale kwako hadi asubuhi. Wapo wazee wa kanisa wanaomzungusha mbebaji siku tatu, na Jumapili wanasoma somo.

Limebaki lililo gumu: afanye nini Mkristo aliyekwisha kupunja watu? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Sheria katika Hesabu 5:7 inataka aungame, arudishe kamili, aongeze na sehemu ya tano. Kwa mkulima unayemjua hesabu ni rahisi: ulinunua makopo mia kwa kilima, keti naye, pimeni ziada ya kopo moja, zidisheni, ongeza sehemu ya tano, mpe. Wateja wa sokoni hawajulikani tena majina. Aya inayofuata inasema kama hakuna wa kurudishiwa, malipo yawe ya Bwana, yaende kwa kuhani. Tungependa wachungaji na maparoko waisome kwa uangalifu. Pesa hiyo isiingie katika sadaka ya kawaida wala ujenzi wa kanisa, maana muumini anaweza kuanza kuona kanisa kama mshirika wa kopo lake. Walioibiwa ni maskini wanaonunua kopo moja moja; irudi kwao kama chakula, kwa wajane na waliohama makwao, tena kwa kipimo cha kumwagika.

Ombi letu kwa kila parokia, usharika na shirika lililo karibu na soko ni dogo. Wanunue mizani moja ya kuning'iniza na kopo moja jipya, waviweke kwa shemasi au mama mshauri asiyefanya biashara, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya asubuhi, kila muuzaji anayetaka alete kopo lake na mizani yake vipimwe kwa maji mbele ya wenzake. Asiyekuja asilazimishwe wala asitangazwe. Ni vema kuanza kabla maharage ya Januari hayajashuka kutoka Masisi, ili wanaokwenda kununua huko waondoke na kopo lililopimwa.

Wauza nafaka wawili, mashemasi,
Virunga, Goma