Salamu za Shukrani za Familia Baada ya Kuweka Jiwe Kwenye Kaburi la Bibi Yetu, Lindsborg, Kansas

Familia ya marehemu bibi yetu, aliyetoka Värmland nchini Sweden mwaka 1869 na kuzikwa Lindsborg, Kansas, nchini Marekani, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani, marafiki na waumini wote waliotuchangia kwa fedha, kwa kazi na kwa sala hadi tukaweza kulijengea kaburi lake na kuliwekea jiwe lenye jina lake kamili. Ibada ya kuliweka wakfu jiwe hilo ilifanyika Jumapili iliyofuata Midsommar, sikukuu ya Kiswidi ya katikati ya kiangazi, ambayo mji wa Lindsborg huiadhimisha Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Juni, na wengi wenu mliosafiri kutoka mbali mlikubali kulala usiku mmoja zaidi kwa ajili yetu.

Mimi niliyepewa jukumu la kuandika salamu hizi kwa Kiswahili ni mke wa kilembwe chake, mzaliwa wa Kiomboi, Iramba. Salamu za Kiingereza na za Kiswidi wameziandika mawifi zangu. Kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Singida, Arusha na Dar es Salaam walichanga bila kuuliza sana huyu bibi alikuwa nani, naona ni haki yao kuelezwa wamemchangia mtu wa namna gani.

Bibi alikulia katika parokia ya Sunnemo, ambako mchungaji Olof Olsson alikuwa akihudumu kabla hajawaongoza waumini wake kuhamia Kansas. Miaka ile ya 1867 hadi 1869 Sweden ilipatwa na njaa kali, kwanza kwa baridi na mvua zilizoozesha mazao, kisha kwa ukame. Bibi na mumewe walipanda meli Göteborg hadi Hull, wakavuka Uingereza kwa treni hadi Liverpool, wakapanda meli nyingine hadi New York, halafu treni tena hadi Salina, na kutoka hapo wakashuka kusini kwa gari la maksai hadi bonde la mto Smoky Hill. Tunawashukuru sana ndugu zetu wa Värmland waliotutafutia habari za safari hiyo katika vitabu vya parokia, ambamo mchungaji aliandika kwa kila nyumba nani anajua kusoma, nani anaijua Katekisimo, na nani ameondoka kwenda Amerika Kaskazini. Ndugu hao pia walitupatia barua zake, zilizokaa kwao kwa zaidi ya miaka mia moja zikiwa zimefungwa kwa uzi wa sufu, na bila barua hizo tungekuwa na jina tu, wala tusingemfahamu mwenye jina.

Shukrani za pekee ziwaendee watumishi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, waliotutafutia jalada la shamba lake. Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwezi wa Mei 1862, ilimruhusu mtu kuchukua hadi ekari 160 za ardhi ya serikali, akae juu yake na kuilima kwa miaka mitano, kisha alete mashahidi wawili ili apewe hati. Katika maeneo yaliyokuwa karibu na reli wengi walipewa ekari 80 tu, na ndizo alizojiandikishia mume wake mwaka 1870. Mwanamke asiye na mume aliweza kujiandikishia shamba kwa jina lake. Mke wa mtu hakuweza. Kwa hiyo katika kurasa za mwanzo za jalada hilo bibi hatajwi popote, ingawa ni yeye aliyekuwa akiamka kabla ya jua kukamua ng'ombe, kuteka maji mtoni na kuokota kinyesi kikavu cha nyati na cha ng'ombe ili apate moto wa kupikia, maana nyika ile haikuwa na miti isipokuwa michache kandokando ya mto.

Makazi yao ya kwanza yalikuwa chumba kimoja kilichochimbwa katika ukingo wa ardhi, mbele yake ukuta wa matofali ya udongo wenye mizizi ya majani, na juu paa la matawi, nyasi na udongo. Nilipoonyeshwa mchoro wake kwa mara ya kwanza niliona tembe la babu yangu, na tangu siku hiyo sikuhitaji kuelezwa jinsi mvua inavyoendelea kudondoka ndani siku mbili baada ya kukatika nje. Katika chumba hicho waliishi watu wazima wawili na watoto wanne. Bibi alizipaka kuta chokaa, akaweka sanduku walilotoka nalo Sweden kuwa meza, na juu yake Biblia, kitabu cha nyimbo na gurudumu la kusokotea sufu. Alfajiri ya Krismasi walitembea gizani na theluji ikiwa chini kwenda ibada ya Julotta, na jirani zake walikumbuka kwamba hakuwahi kuikosa hata mwaka aliowazika watoto wawili kwa dondakoo.

Mumewe alifariki katika majira ya baridi ya 1873, kabla miaka mitano haijatimia. Watu wengi walitarajia kwamba mjane mgeni, asiyejua Kiingereza, angeuza alichonacho na kurudi kwao au kuolewa upesi. Sheria, hata hivyo, ilimpa mjane haki ya kuendeleza shamba la marehemu hadi kulipata, naye akaamua kuitumia haki hiyo. Mwaka uliofuata, 1874, ndipo nzige wa Milima ya Rocky walipoishukia Kansas, wakala mahindi, wakala vitunguu hadi ndani ya ardhi, wakatafuna hata nguo zilizoanikwa na mipini ya majembe. Bunge la Marekani liliwaruhusu walioharibiwa mazao kuyaacha mashamba yao kwa muda bila kupoteza haki, na wengi wakaondoka kwenda kutafuta kibarua. Bibi alibaki. Barua aliyoituma kwao baada ya hapo, iliyoandikwa na jirani kwa niaba yake, haisemi neno lolote la kishujaa: inaomba mbegu za kabichi na kueleza kwamba kuku wameshiba nzige kiasi cha mayai yao kutolika.

Ukiniuliza mimi, sehemu iliyomtunza bibi na watoto wake haikuwa ngano, ambayo ndiyo husimuliwa sana huku, bali maziwa. Katika Sweden ya wakati ule kukamua ilikuwa kazi ya wanawake na mwanamume aliona haya kuonekana chini ya ng'ombe, kwa hiyo ujuzi wote wa siagi na jibini ulikuwa mikononi mwa akina mama. Kwa siagi na mayai bibi alipata dukani sukari, chumvi, uzi na kahawa, na kahawa ilipokosekana alikaanga shayiri akainywa hivyo hivyo. Majirani walimlimia kwa plau, naye akawalipa kwa soksi za sufu, kwa mkate na kwa kuwazalisha wake zao, maana alikuwa mkunga. Mwanawe mkubwa alichunga ng'ombe za watu. Binti yake alikwenda Salina kufanya kazi za ndani, na ndiye aliyeleta Kiingereza nyumbani.

Mashahidi wawili walipofika mbele ya ofisi ya ardhi kuthibitisha makazi yake, walieleza nyumba, kisima, zizi, ng'ombe wake na eneo alilolilima, na walieleza pia kwamba hakuwahi kuhama. Chini ya kiapo chake bibi aliweka alama ya msalaba mahali pa saini. Wengine katika familia waliona aibu kidogo kwa jambo hilo, lakini halina aibu: sheria ya kanisa la Sweden ya mwaka 1686 ilitaka kila mtu ajue kusoma, na bibi alisoma Biblia yake kila jioni, lakini kuandika hakukudaiwa na mtu yeyote, hasa kwa binti wa mkulima maskini. Hati ilitoka kwa jina lake mwenyewe. Barua zake za miaka ya baadaye zimeandikwa kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka, na mawifi zangu wanaamini alijifunza pamoja na wajukuu.

Hatuwezi kuishukuru ardhi ile bila kuwataja waliokuwa juu yake kabla yetu. Wakansa, ambao jimbo lenyewe limechukua jina lao, waliondolewa Kansas na kupelekwa katika eneo ambalo leo ni Oklahoma mwaka 1873, mwaka ule ule bibi alipofiwa na mumewe. Mchungaji wetu aliwakumbuka katika sala ya ufunguzi, kwa ombi la familia, na tunamshukuru kwa kulifanya hilo waziwazi.

Kwa ndugu zetu wa Kiomboi nina neno refu kidogo. Mwaka 1892 akina mama wa Sinodi ya Augustana, kanisa la Walutheri wenye asili ya Sweden, walikutana Lindsborg na kuunda chama chao cha misheni wakiongozwa na Emmy Evald. Bibi yetu, akiwa tayari na mvi, alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za mayai kila mwezi kwa kazi hiyo. Hakuishi kuona miaka ya 1920, wamisionari wa Augustana walipofika Tanganyika na kuanza kazi Iramba na Turu, ambako baadaye nilibatizwa mimi. Wakati mchango huu ulipotangazwa sikutegemea kupata kitu kutoka nyumbani, kwa kuwa najua hali za watu na mvua za mwaka huu. Mlichangishana kwa simu, kila mmoja alichonacho, na kwaya ikarekodi wimbo ulioimbwa kaburini huku wazee wa Kiswidi wakiuitikia kwa lugha yao, kwa sababu sauti ni ile ile. Baba, mama, wajomba na mashangazi, tumepokea na tumeshukuru sana.

Tunaishukuru pia familia inayolima shamba lile hivi sasa, ambayo haina undugu nasi wala haikuwa na wajibu wowote, lakini ilituruhusu kuingia na kuliona bonde dogo palipokuwa nyumba ya kwanza, na ikaacha kulima sehemu ya kaburi la mume wa bibi. Tunawashukuru mafundi wa jiwe, vijana waliochimba msingi katika joto kali, na akina mama wa usharika waliopika tangu usiku wa Midsommar, wakachemsha kahawa kwa yai kama desturi yao inavyotaka. Wapo waliouliza kwa nini bibi alikaa muda wote huo bila jiwe. Alipofariki alizikwa kwa msalaba wa mbao, watoto wake wakinuia kulijengea kaburi baada ya mavuno; bei ya ngano ikaanguka mwaka 1920, mashamba yakaingia madeni, kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930, na msalaba ukaoza. Kitabu cha makaburi cha usharika ndicho kilichotuonyesha mahali.

Si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina, na tunaomba yeyote ambaye hakutajwa kwa kazi yake apokee salamu hizi kuwa ni zake. Fedha zilizobaki baada ya kulipa gharama zote tumezikabidhi kwa mweka hazina wa makaburi kwa ajili ya kurekebisha uzio wa upande wa kaskazini, na hesabu kamili imetumwa kwa kila mchangiaji. Nakala za jalada la shamba na za barua zake, pamoja na tafsiri ya Kiswahili ninayoendelea kuifanya, zitaletwa Kiomboi mume wangu nami tutakapokuja kusalimia mwezi wa Desemba, na zitakaa kwa baba yangu kwa yeyote atakayetaka kuzisoma.

Mungu awabariki nyote.

Ni sisi vitukuu, vilembwe na vilembwekeza vya marehemu, pamoja na wakwe.