Barua kwa vijana wa maskani: funga si kungoja adhana

Wanangu wa maskani, vijiwe vyetu vya Mji Mkongwe na Ng'ambo hapa Unguja,

Assalaam alaykum. Ramadhani ikifika, sokoni Darajani baada ya Alasiri hapapitiki kwa matusi. Huyu kamshika mwenzake shati kwa ajili ya chane ya ndizi, yule wa bodaboda anakata katikati ya watu huku akilaani. Waulizeni, wote watakwambieni wamefunga. Wamefunga nini?

Mtume (S.A.W.) amesema, na Bukhari ameipokea, kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

Hasira ya saa kumi jioni mnaipika wenyewe usiku. Mtu anakesha na karata hadi saa nane, anashindilia chipsi na urojo, halafu analala daku limpite. Chumvi na mafuta vinamtia kiu hata Adhuhuri haijafika, na usingizi haukutosha. Mpenda kahawa aliyeikata ghafla siku ya kwanza, kichwa kinamgonga mpaka haoni. Punguzeni kahawa na sigara tangu katikati ya Shaabani, kidogo kidogo. Daku lisogezeni karibu na alfajiri: wali au mkate, maharage, yai, ndizi mbivu. Maji yagawanyeni: bilauri mbili kwenye futari, nne baina ya tarawehe na kulala, mbili daku. Ukiyabugia yote daku, mengi utayakojoa asubuhi.

Ghadhabu ikija juu ya hayo, tumefundishwa: aliyetukanwa aseme, "Mimi nimefunga." Semeni kwa sauti, masikio yenu yasikie. Aliyesimama akae, kisha atie udhu. Nafsi iliyoweza kuacha maji ya halali mchana kutwa, itashindwaje kuacha neno moja? Aya ya 183 ya Suratul Baqara imeitaja taqwa, yaani kumcha Mungu. Kupungua tumbo haikukutaja, na kwa kaimati zenu wala halipungui.

Mengine mnayajua, nakukumbusheni tu. Nia kila usiku kabla ya alfajiri, ndiyo madhehebu yetu ya Shafii. Kufuturu msicheleweshe: tende, maji, msali, ndipo uji. Mwenye kisukari asikilize daktari wake na ajipime hata mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue palepale, ushujaa hapo hauna thawabu. Mzee asiyeweza tena kufunga atolewe kibaba cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Baada ya Idi kuna funga za sunna: sita za mfungo mosi (Shawwal), Arafa ya mfungo tatu (Dhul-Hijja) na Ashura ya mfungo nne (Muharram). Hizo hazina shamrashamra, na ndizo zitakazokuonesheni mlikuwa mkifunga kwa ajili ya nani.

Na wafanyabiashara mnaopandisha bei ya muhogo mwezi ukiandama tu, barua hii ni yenu pia.

La mwisho ni la majumbani. Mama zenu na wake zenu nao wamefunga, lakini tangu saa tisa wako jikoni kwenye moto, sambusa huku, mkate wa kumimina kule, tambi, katlesi, nanyi mmelala. Punguzeni vyakula mezani: uji wa pilipili manga, tende, na futari ya aina moja. Kisha mmoja wenu aamke akae juu ya mbuzi akune nazi.