Bei kikomo humnyima maskini bidhaa

Ndugu Mhariri,

Kila bidhaa muhimu inapopanda bei, serikali hutakiwa iweke bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka, na mara nyingi huitikia. Wanaodai hivyo hawana nia mbaya, maana mwenye kipato kidogo ndiye huumia wa kwanza. Ila huyo huyo ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu baada ya amri kutangazwa.

Amri ya bei huishia kwenye kaunta ya duka. Gharama za nyuma yake, yaani malighafi, usafiri na riba, haizigusi. Juni 1973 Rais Nixon wa Marekani alisimamisha bei za rejareja kwa siku 60, lakini mazao ghafi anayouza mkulima hayakubanwa. Chakula cha kuku kikapanda, bei ya kuku ikabaki imefungwa. Wazalishaji wakaua vifaranga kwa maelfu, kwa kuwa kumlisha kila mmoja hadi auzwe kulikuwa hasara.

Mambo huharibika kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza ubora hushuka na vipimo hupungua. Kisha bidhaa huuzwa kwa kujuana, foleni hurefuka, na ulanguzi hushamiri. Mwishowe serikali huanza kugawa kwa vibali, na afisa anayesaini kibali ndiye huamua nani apate. Hapo ndipo uhuru unapopotea, na hilo linanisikitisha kuliko yote: watu wazima wawili waliokubaliana bei kwa hiari yao wanageuzwa wahalifu. Zimbabwe mwaka 2007 maduka yaliamriwa kupunguza bei kwa nusu. Rafu zikawa tupu ndani ya wiki chache, wafanyabiashara wengi wakakamatwa, huku uchapaji wa noti, uliokuwa chanzo chenyewe cha bei kupanda, ukiendelea.

Njia ya kutoka ipo. Juni 1948, katika kanda za Ujerumani zilizokuwa chini ya Marekani na Uingereza, Ludwig Erhard, aliyesimamia uchumi wa kanda hizo, aliziachia bei za bidhaa nyingi sambamba na kuingia kwa sarafu mpya. Bidhaa zilizofichwa zikaonekana madukani ndani ya siku chache. Kweli, bei zilipanda, na Novemba vyama vya wafanyakazi vikagoma; Erhard hakurudi nyuma. Bila sarafu imara asingefika mbali.

Anayetaka kufuta bei kikomo aanze na leseni. Pale ambapo kampuni mbili tu ndizo zenye kibali cha kuagiza, kuachia bei peke yake ni kuzizawadia. Waruhusiwe waagizaji wapya, ushuru upunguzwe, ndipo bei iachiwe. Maskini wasaidiwe kwa fedha taslimu kutoka bajeti inayojadiliwa bungeni, badala ya kumtwisha mwenye duka mzigo huo kimyakimya.

Na kama bunge litaona dharura inalazimu udhibiti, sheria hiyo itaje tarehe ya kufa kwake, na kuirefusha kuhitaji kura mpya. Marekani, udhibiti wa bei ya mafuta ulioanzia katika amri ya siku 90 ya Agosti 1971 ulifutwa kabisa Januari 1981.

Msomaji wako