Shukrani kwa mama mkulima wa uyoga

Mradi wetu wa usanifu ni vifungashio vinavyooza, mbadala wa plastiki: maranda ya mbao yaliyoshikanishwa na nyuzi za uyoga. Kila tulichootesha kilivamiwa na ukungu wa kijani. Mama mmoja mkulima wa uyoga, asiyetufahamu kabisa, akaja karakana. Kwanza aliyanusa maranda. Akatuonyesha kuyaloweka saa nzima kwenye maji ya nyuzijoto kama 70 za Selsiasi, kuyakamua mpaka ngumi itoe matone machache tu, kisha kuyapoza kabisa kabla ya kuchanganya mbegu za uyoga. Hicho cha ngumi hatukukiona kitabuni! Akatuachia mbegu zake, akakataa malipo. Mama, ahsante sana. Wakulima wengine, mkisikia wanafunzi wanahangaika hivi, tafadhali wapitieni.