Volkano isiyo na watu ni nusu ya somo

Mhariri,

Juzi nilikagua daftari la mwanangu wa darasa la nne. Alikuwa amechora volkano: pembetatu ya kahawia, moto mwekundu kileleni, mishale ya kuonyesha kasoko, yaani shimo la kileleni, na magma, mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Amepewa vema. Nilipomuuliza, "Na watu wanakaa wapi?" alinishangaa. "Baba, kwenye volkano hakukai watu!"

Wanakaa, tena kwa mamilioni. Majivu ya volkano yakishachakaa kwa mvua na miaka huwa udongo wenye rutuba, na mkulima hauachi mlima kama huo kirahisi. Mji wa Goma, nchini Kongo, uko chini ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava, yaani magma iliyotoka nje, ilipita katikati ya mji. Mwaka 2021 ikafika tena viungani. Watu wamerudi, wamejenga juu ya mawe yale yale meusi. Mtoto akisikia hayo atauliza maswali ambayo pembetatu haiwezi kuyazaa: mbona hawahami? Nani huwaonya?

Hapo mwalimu ataje volkano ya Pinatubo, Ufilipino, 1991. Wanasayansi walipima matetemeko na gesi, wakatoa tahadhari, na maelfu ya watu wakaondolewa kabla ya mlipuko mkubwa.

Nawaomba walimu, hata kipindi kikiwa kifupi, wamwambie mtoto achore nyumba kwenye mteremko ule, na njia ya kukimbilia. Wangu ameshaongeza nyumba tatu, shamba, na barabara inayoelekea mbali na mlima.

Mzazi