Mamba aliyezoea ndoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofuga mamba majumbani, na zaidi na wanaowapa vibali. Najua msomaji atauliza, kwani wako wangapi? Pengine hawajai kiganja. Ila mimi nimemlisha mamba wa tajiri mmoja hapa Mtwara kwa miaka minne, na hadi leo nikishuka Kilambo siusogelei ukingo wa Ruvuma.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na tajiri wangu alikuwa nacho, kimetundikwa sebuleni kwenye fremu. Aliyekuja kukagua aliitazama fremu, akanywa soda, akaaga. Bwawa hakuliona.

Bwawa lenyewe lilikuwa saruji tupu, halina hata kijiti cha kivuli. Watu husema mamba anapenda jua. Kweli huliota asubuhi, maana mwili wake haujipashi moto wenyewe, lakini jua la Mtwara la saa saba mchana ni habari nyingine. Alikuwa akilala kinywa wazi, na wageni wanapiga picha wakidhani anawatisha. Maskini, alikuwa anajipoza! Nikamwezekea makuti upande mmoja, kwa hela yangu. Siku ileile akahamia chini yake, hakutoka mpaka alasiri.

Kwenye chakula tuligombana. Tajiri alitaka apewe minofu mitupu, eti mnyama wa heshima hali miba. Baada ya miezi kadhaa taya likaanza kupinda, ukilibonyeza linanepa kama mpira wa ndala. Mamba wa mtoni humeza samaki mzima na miba yake, ndege na mifupa yake. Humo ndimo anamopata kalisi, madini ya kukaza mifupa. Tulipoanza kumpa samaki wazima na kuku asiyetolewa mifupa, taya likakaza, ila upinde haukuondoka.

Mamba akitotolewa ni wa sentimita 30 hivi, urefu wa rula ya mwanafunzi. Hapo kila mtu anamtaka. Akila vizuri, miaka ya mwanzo huongeza kama rula nyingine kila mwaka, na anaweza kuishi miaka mingi kuliko aliyemnunua. Wa kwetu alipopita mita moja na nusu, mama mwenye nyumba akasema yeye au mamba. Asubuhi moja nikakuta bwawa tupu. Nikaambiwa, "Tumemrudisha kwao, Ruvuma."

Sasa hapa ndipo ninapokosa usingizi, Mhariri. Kwa miaka minne nilikuwa nikigonga ndoo ya plastiki ukingoni, naye anakuja mbio kabla sijafunua kifuniko. Nilikuwa najisifu kwamba nimemfundisha. Na akina mama wa vijiji vya bondeni kule huteremka mtoni na nini alfajiri, kama si ndoo?

Anayetoa kibali alione bwawa kwa macho yake, aulize mnyama anakula nini, na aandike humohumo atapelekwa wapi mwenyewe akimchoka. Mtoni pasiwe jibu.

Mwezi uliopita nilikuwa huko, nikawaomba kina mama watatu wasigonge ndoo majini. Walinicheka. Mmoja akaniuliza kama nimekunywa.

Mtunza mamba wa zamani,
Mikindani, Mtwara